Mjomba wa Karakana

Septemba 3

Wiki haijaisha hapa Semarang, Java, na tayari nina sifa ya ukali. Asubuhi nilimuuliza Mama Darmi, mwenye nyumba tunayopanga, ndoo za kufulia ziko wapi, na msichana wa chumba jirani akatoka mbio akidhani tunagombana. Sauti yangu ndiyo hii, sina nyingine. Kwetu Siborongborong, kisiwa kingine, ukiongea kama wanavyoongea watu wa huku utaulizwa nani kafariki. Hawa Wajava wanakukaripia kwa kunong'ona, tena wanatabasamu, na ni juu yako kung'amua kwamba umekaripiwa.

Joto la hapa si la kusimulia.

Septemba 8

Leo karakana. Nimekuja kusomea uhandisi wa mitambo, kwa hiyo nilitegemea mitambo. Mwalimu Wiryawan akatupa kila mmoja kipande cha chuma kilichokatwa ovyo ovyo na msumeno, kizito kama jiwe la kusagia, pamoja na tupa. Hiyo ndiyo kazi ya muhula mzima. Unakibana kwenye jiliwa, unakipiga tupa kwa mkono mpaka nyuso zake zote sita ziwe bapa na kona zake zote ziwe mraba. Yeye anaweka skwea, kile chuma cha kupimia mraba, juu yake, anakiinua dirishani. Mwanga ukipenya chini ya skwea, unarudi kusugua. Ukisugua ukapitiliza kipimo, chuma kimekufa, unapewa kingine unaanza upya.

Kikikubalika, Mwalimu mwenyewe anakigonga namba yako ya usajili na nyundo. Asiyegongewa namba muhula huu hagusi karakana nyingine mpaka mwaka ujao. Anakaa mwaka mzima kuwatazama wenzake.

Niliuliza kwa nini tusitumie mashine, maana mashine ziko pale pale, zimefunikwa maturubai. Darasa zima liligeuka kunitazama kana kwamba nimevua nguo. Mwalimu akatabasamu. Ndio kusema nimekaripiwa.

Septemba 9

Malengelenge.

Septemba 11

Malengelenge yamepasuka. Nimekula wali na tempe, ile soya yao ya kuchachusha, kwa kijiko kama mgonjwa.

Septemba 15

Yule jirani aliyekuja mbio anaitwa Ratih, na kumbe tuko darasa moja. Mikono yake ni myembamba, ukimtazama na tupa unaona huruma. Leo alinivuta kando akaniambia taratibu kwamba nisimpe mtu kitu kwa mkono wa kushoto, huku ni kumvunjia heshima. Nikamwambia mimi ni wa kushoto, ndivyo nilivyozaliwa. Akasema anajua, ndiyo maana ananiambia yeye kabla hawajaniambia wengine. Nimempenda kwa hilo.

Kweli mimi ndiye wa kushoto peke yangu mle karakana. Wenzangu wote michirizi ya tupa zao imelalia kulia, yangu imelalia kushoto. Mafundi wasaidizi wanakuja kuichungulia kama kioja.

Septemba 22

Sijui nianzie wapi. Nimepata mjomba.

Wasaidizi wa Mwalimu ni wanafunzi wa mwaka wa tatu. Mmoja wao, mrefu, ana visharubu vya kubembeleza, leo alisoma jina langu kwenye orodha akanyanyua uso. "Hutasoit," akasema, na papo hapo akageukia lugha yetu. "Wa wapi?" Nilihisi kama mtu kanifungulia dirisha. Sisi ni Wabatak, na Mbatak akikutana na Mbatak ugenini hakuna kusalimiana kwanza, ni kuulizana koo mpaka mjue mnaitanaje. Nikamwambia wa Siborongborong. Akauliza mama yangu ukoo gani. Nikasema Tampubolon, wa Balige, tena nikamtajia na mlango wa ukoo wake.

Akaweka skwea mezani. "Mimi ni Saut Tampubolon," akasema. "Mlango huo huo. Basi mimi ni mjomba wako."

Na ndivyo ilivyo. Kwetu mwanamume wa ukoo wa mama yako ni mjomba, hata kama jana tu alikuwa anabebwa mgongoni. Huyu ana miaka ishirini na moja. Nilimwamkia kwa mikono miwili mbele ya Wajava wote waliokuwa wametoa macho.

Nilimpigia Mama. Nilidhani anakohoa. Kumbe analia.

Septemba 24

Niandike kwa nini Mama alilia. Mama hana ndugu wa kiume hata mmoja. Kwetu sherehe yoyote, ndugu za mama ndio wanaokaa mahali pa heshima, ndio wanaobariki, na hupingani nao. Upande wa Mama pale pa heshima pamekuwa patupu tangu aolewe. Nilipobatizwa aliazima mzee kutoka kijiji cha pili. Shangazi zangu hawajawahi kumwacha asahau. "Haya, tumngoje kaka wa mke wetu," wanasema, halafu wanacheka chini chini, naye anaendelea kupakua nyama.

Leo ameniomba namba ya Saut.

Septemba 29

Mvua ya kwanza. Kupiga tupa.

Oktoba 6

Kupiga tupa. Mjomba alinionyesha kwamba nguvu haitoki mkononi, inatoka kiunoni na mguu wa nyuma. Nimejaribu. Uso wa kwanza umekubalika leo, mwanga haukupita. Nilipiga ukelele, na karakana nzima ikaruka.

Oktoba 13

Kifurushi kutoka nyumbani: nguruwe aliyekaushwa kwa moshi, dagaa, na andaliman, pilipili yetu inayotia ulimi ganzi. Nusu imefungwa peke yake, na Mama kaiandika "ya mdogo wangu". Mjomba alikula amesimama, machozi yanamtoka kwa pilipili, akasema tangu atoke Balige hajala chakula cha mtu aliyemfikiria yeye. Hakuwa anatania.

Oktoba 19

Mama na Mjomba wanaongea kila Jumapili baada ya ibada. Mjomba ndiye anayeniambia habari za nyumbani kabla sijazisikia: mara ng'ombe kazaa, mara paa linavuja. Mama amewaambia shangazi zangu wote kwamba mdogo wake ni msaidizi wa mwalimu chuo kikuu. Nikimpigia mimi anauliza kwanza, "Mjomba wako hajambo?"

Wivu kidogo. Nimejicheka.

Oktoba 27

Kipande cha pili cha Ratih kimekufa. Alipitiliza upande mmoja, akajaribu kusawazisha kwa kupunguza mwingine, ukawa mchezo wa kufukuzana mpaka kikabaki kama kipande cha sabuni. Amelia chooni. Baba yake amemwambia asipofaulu muhula huu atamrudisha nyumbani akasaidie dukani, kwani tangu mwanzo hakutaka binti asomee vyuma.

Mjomba anasimama sana kwenye meza ya Ratih. Nilimtania kwamba hiyo skwea ina sumaku. Akaniambia mpwa hamtanii mjomba wake, lakini masikio yalimwiva.

Novemba 3

Mvua. Barabara ya chuo imejaa maji, nimekwenda na viatu mkononi. Kupiga tupa.

Novemba 4

Kupiga tupa.

Novemba 10

Nimemaliza. Nyuso zote sita. Mjomba alikizungusha dirishani upande huu na upande ule, akatafuta mwanga hakuupata. Niseme ukweli, ni kizuri. Michirizi yangu ya kushoto imepangana kama nywele zilizochanwa. Nilitaka kugongewa namba hapo hapo, lakini Mwalimu yuko safarini Surabaya. Mjomba akasema nikipake mafuta, nikifunge karatasi yenye jina langu, nikiache kabatini mpaka Mwalimu arudi. Ufunguo wa kabati anao yeye. Mimi ni wa pili kumaliza, baada ya mwenzetu Bagus tu, mtoto wa mhunzi.

Nilimpigia Mama. Aliniambia nimshukuru Mjomba.

Novemba 18

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Mwalimu alirudi leo kugonga namba. Tulipanga mstari. Alifungua karatasi yenye jina langu, akaweka skwea, akainua dirishani. Mwanga ulipita kama mlangoni. Kipande kilikuwa na mgongo katikati, kona zimelegea. "Hutasoit," akasema kwa ule upole wao, "hiki ulidhani kimekwisha?" Nikamwambia si changu. Akasema chuma hakijibadilishi. Watu waliangalia sakafu. Wameninunia tangu Septemba kwa sauti yangu, na sasa ikawa kama wamethibitisha jambo.

Nilirudi mwisho wa mstari sioni mbele. Ndipo Ratih akapita meza ya Mwalimu. Kipande chake kikapimwa, kikasifiwa, kikagongwa namba yake, nyundo zile nazisikia mpaka sasa. Akapita karibu yangu nacho mkononi. Michirizi imelalia kushoto.

Sikumfuata Ratih. Nilikwenda stoo, alikokuwa Mjomba anahesabu tupa.

Nilimuuliza kipande changu kiko wapi. Akasema nifunge mlango. Nikasema sifungi.

Hakukataa, hilo ninampa. Alisema vipande vitatu vimemfia Ratih, kwamba baba yake angemrudisha, kwamba mimi nikipewa kingine nitakimaliza kabla muhula haujaisha na yeye ananijua, lakini Ratih hata akipewa mpaka Pasaka hawezi.

"Kwa hiyo kosa langu ni kuweza," nikasema.

"Usiliseme hivyo."

"Kabatini kulikuwa na cha Bagus. Ni kizuri kuliko changu. Mbona hukuchukua cha Bagus?"

Aliweka chini tupa aliyokuwa ameshika. Halafu akanijibu kwa lugha yetu, taratibu, kama anamfafanulia mtoto. "Bagus angenishtaki. Wewe ni mpwa wangu."

Nimekaa kitandani tangu saa tisa. Ningeelewa kama angeniambia alikosea karatasi. Ningeelewa hata kama angeniambia anampenda yule msichana kuliko kazi yake. Lakini alisimama mbele ya kabati lile, akatazama majina yote, akachagua lile lisiloweza kumsema. Zile nyama za moshi, yale mazungumzo ya Jumapili, vyote vilimfundisha jambo moja tu, kwamba mimi naweza kuibiwa bila hatari yoyote kwake.

Novemba 19

Nilimpigia Mama nikamweleza yote, pole pole, bila kupandisha sauti. Nimejifunza kitu hapa Java.

"Kipande cha chuma," akasema.

"Cha muhula mzima, Mama."

"Tengeneza kingine."

"Kaniibia."

"Kwa ndugu hakuna kuibiwa, Lamria. Kachukua."

Nikamwambia nataka kwenda kwa Mwalimu. Hapo alianza kuniomba, na afadhali angenitukana. Alisema mwezi uliopita, kwenye arusi ya jirani, kwa mara ya kwanza shangazi zangu hawakusema neno. Alisema amepata ndugu akiwa na mvi kichwani. "Usiniondolee," akasema. "Ukinipenda, usiniondolee."

Mvua ilikuwa inapiga mabati, nikajifanya sisikii.

Novemba 20

Nilimngoja Ratih mlangoni kwake. Alikuwa anajua kwa nini. Alisema Saut alimwambia kwamba Mwalimu ameruhusu yeye apewe kipande cha akiba.

"Kimelalia kushoto," nikamwambia. "Ulikiona?"

"Nilikiona."

"Na hukuuliza."

"Nilifurahi sana," akasema. "Niliogopa nikiuliza furaha itaondoka."

Nilitaka kumzaba kofi. Nilirudi chumbani nikajifungia.

Novemba 21

Kwenda, kutokwenda. Sikula.

Novemba 24

Nimekwenda.

Mwalimu Wiryawan alinisikiliza bila kunikatiza. Akamwita Ratih, akaleta vipande viwili vya chuma chakavu, akatuambia kila mmoja apige tupa mara chache. Akaviweka vyote kando ya kile kilichogongwa namba, akavua miwani, akainama. Hakuhitaji muda. Ratih alikuwa analia bila sauti; mimi nilikuwa natoka jasho kama mwizi, sijui kwa nini mimi.

Nilidhani sasa haki itasimama. Mwalimu akavaa miwani, akatabasamu, akasema tulimalize kifamilia.

Kifamilia maana yake ni hii: namba ikishagongwa haifutiki, kwa hiyo kipande changu ni cha Ratih, naye amefaulu. Mimi nimeongezewa muda mpaka mwanzoni mwa Januari nitengeneze kingine, na nishukuru. Saut anaacha usaidizi kuanzia kesho, na watu wataambiwa anataka muda wa kusoma. Na asiwepo wa kulisema hili nje, kwa ajili ya heshima ya karakana.

Yaani wote wamepata familia, isipokuwa aliyekuwa nayo.

Novemba 25

Chuma kipya. Kupiga tupa.

Novemba 30

Kanisani Wabatak wa Semarang wameshajua Saut kapoteza kazi, na wanajua ni mimi, ila hakuna anayejua kwa nini. Yeye hajasema neno, anatembea ameinamisha uso, anaonewa huruma. Mama mmoja wa kwaya aliniambia mpwa anayemshtaki mjomba wake hata mvua inamkwepa. Nilitaka kumwambia yote. Nikakumbuka Mwalimu kasema tusiseme. Nikakumbuka Mama. Nikameza.

Desemba 3

Kupiga tupa. Mguu wa nyuma, kiuno. Kila nikisukuma tupa namkumbuka aliyenifundisha kusukuma, na hakuna namna nyingine ya kuisukuma.

Desemba 9

Mama kapiga. Amepanga kila kitu na wazee wa kanisa kwa simu: kwenye Krismasi ya Wabatak, Jumamosi, nitampelekea Mjomba nyama iliyopikwa, nitamwomba radhi mbele ya watu. Naye atanipa samaki, atanimwagia mchele kichwani, atanibariki. Yataisha. Nikauliza, na yeye ataomba radhi kwa lipi. Mama akasema mjomba haombi radhi, mjomba anabariki.

Nikasema sawa. Nilichoka, na sauti yake ilikuwa ndogo mno.

Desemba 13

Nilipika mwenyewe. Nilipika vizuri, kwa andaliman ya mwisho. Ukumbi ulijaa, watoto wanakimbizana na nyota za karatasi. Tukakalishwa kwenye mkeka mimi na yeye, wazee pembeni, na simu ikawekwa juu ya meza ili Mama asikie.

Niliweka sahani mbele yake kwa mikono miwili. Nilisema maneno niliyofundishwa, kwamba nimekosa adabu, nimepandisha mdomo mahali pa kuinamisha kichwa. Niliyasema yote. Alikuwa amekonda. Akachukua mchele kidogo kwenye bakuli, akanyanyua mkono juu ya kichwa changu, na nikaona usoni mwake kwamba amefarijika. Hakuwa na haya wala hofu. Alifarijika kwa kuwa mambo yamekwenda kama alivyojua yatakwenda, tangu siku ile alipofungua kabati.

Nilimshika mkono.

"Sema kwanza ulichofanya," nikamwambia.

"Inama, mpwa wangu," akanong'ona. "Watu wanatazama."

"Ndiyo, wanatazama. Sema."

Mzee mmoja akaniambia mwanangu, inamisha kichwa. Saut alinitazama, mkono wake bado umo kwenye mkono wangu, mchele unadondoka baina ya vidole vyake. Alikuwa na nafasi. Angesema neno moja tu ningeinama mpaka paji la uso liguse mkeka, naapa. Alifumba mdomo.

"Basi usiniguse kichwa," nikasema, kwa sauti yangu ile ile ya kwetu, na ukumbi mzima ukaisikia.

Kwenye simu Mama alisema jina langu mara moja. Halafu akakata.

Desemba 14

Hapokei.

Desemba 17

Hapokei. Baba kapokea mara moja, akasema Mama amelala. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Desemba 25

Nyumba nzima wamekwenda kwao. Karakana imefungwa. Mvua tangu asubuhi. Nimemtumia Mama ujumbe wa heri. Umesomwa.

Desemba 29

Karakana imefunguliwa. Niko peke yangu na mlinzi. Kupiga tupa.

Januari 2

Uso wa tano. Shangazi kanipigia, si kawaida yake. Aliongea kwa utamu mwingi, akataka kujua kama ni kweli yule ndugu wa Mama "alikuwa wa muda". Nikamkatia. Sasa najua Mama karudi kwenye sherehe zile zile za kuchekwa chini chini.

Januari 6

Uso wa sita.

Januari 8

Mwalimu alikiinua dirishani. Hakukuwa na jua, alisogea mpaka kwenye taa. Akakizungusha kote. Mwanga haukupita popote. Akasema ni kizuri kuliko kile cha kwanza, kisha akajuta kusema, nikamwona. Akagonga namba yangu. Nyundo ya mwisho iliponyamaza nilisubiri kufurahi.

Nilitembea mpaka nyumbani kwa Mama Darmi nacho mkobani, kinanipiga pajani. Nimefaulu. Nilipiga simu, ikaita mpaka ikakoma. Nikapiga tena. Nilitafuta jina jingine la kupiga, nikateremka orodha yote ya simu mpaka mwisho, nikapanda tena.

Jioni mlango ukabishwa. Nikachungulia dirishani: Ratih, ameshika sahani ya ndizi za kukaanga, macho chini. Amesikia kwamba nimegongewa namba. Alisema hongera kwa sauti ndogo, na kwamba nikitaka ataiacha sahani hapo chini aende zake.

Alikuwa wa kwanza kuniambia hongera, na hakuna mwingine aliyekuwa anakuja. Nilimfungulia.